Soksi za Kubana za Bweni Sittina

Mnacheka, na mimi siwakatazi. Kila msichana anayekuja kwangu hapa Mutsamudu kujifunza kushona huanza kwa kuuliza ule mguu wa mbao juu ya kabati ni wa nini. Nikimwambia ulikuwa wa kunyooshea soksi ndefu za wanawake, anaziba mdomo kwa mtandio. Soksi? Kwa joto hili? Kisha anaitazama miguu yangu mikavu ndani ya malapa, na kicheko kinamshinda.

Basi wekeni mikasi chini. Kwa mvua hii hakuna mteja atakayeshuka kutoka Patsy milimani, na mimi leo sina hamu ya kukata nguo.

Kazi yangu ilikuwa hiyo. Niliuza soksi, nikazitia rangi, nikazifua, na zaidi ya yote nilizifuma upya zilipofumuka. Ninyi taiti ikipasuka mnaitupa. Zamani soksi ilikuwa kama pete. Uzi mmoja ukikatika gotini, vitundu huachiana kimoja baada ya kingine mpaka kisigino, na mwanamke aliyetoka nyumbani akiwa bibi harusi hufika alikoalikwa kama aliyeparuliwa na paka. Hapo ndipo aliponitafuta.

Ukitaka kuifuma, unaivisha juu ya mdomo wa glasi, unaikaza kidogo, kisha unashika sindano nyembamba yenye kulabu na ulimi mdogo unaofunga na kufungua. Unakiokota kitundu cha chini kabisa, unakipandisha juu ya uzi ulio juu yake, kisha kinachofuata, hivyo hivyo mpaka juu. Usivute pumzi kwa nguvu, na usiimbe. Ukikosea kitundu kimoja, kesho yake soksi inarudi pamoja na mwenyewe na mama yake mzazi. Kama huna nafasi ya kufuma, gusa mwanzo wa mfumuko kwa tone la rangi ya kucha, nao utasimama. Hilo hata leo mnaweza kulifanya, msiseme sikuwafundisha kitu.

Mimi, Moinaesha wenu, ni mtoto wa Mirontsy, hapa hapa kisiwani Ndzuani, mnajua. Moroni nilipelekwa na mume, na huko huko Moroni mume akaoa mwingine akaniacha na sanduku langu. Sikuwa na ndugu katika kisiwa kile cha Ngazija. Nilikuwa nikifua nguo za watu, na siku moja nikapewa soksi za nailoni za mwalimu mmoja mwanamke nizifue, nami kwa bidii yangu nikazipiga pasi. Zilinata kwenye pasi kama utando wa maziwa. Nikaambiwa kuna mama mmoja Badjanani, katika vichochoro vya mji wa kale, ambaye hurekebisha soksi. Nikaenda na pasi mkononi, soksi ingali imenata.

"Kwezi, Bweni," nikamsalimu, kama mdogo anavyomsalimu mkubwa kule.

"Mbona," akaitika, kama mkubwa anavyomwitikia mdogo. Akaitazama pasi, akanitazama mimi. "Soksi hii siwezi kuirekebisha, mwanangu. Lakini wewe labda utarekebishika. Ingia."

Huyo ndiye Bweni Sittina. Bweni ndivyo Wangazija wanavyomwita mwanamke wa heshima, na yeye aliitwa hivyo hata na wasiompenda. Alizaliwa Majunga, ng'ambo ya bahari, ambako Wakomoro wengi walikuwa wamejenga na kuzaa. Mama yake alikuwa dobi wa wake za Wafaransa. Alinisimulia kwamba alipokuwa mtoto soksi zilikuwa za hariri na zilikuwa na mshono nyuma, kuanzia kisigino hadi pajani, na mwanamke hakutoka nje kabla ya kuuliza, "Umenyooka?" Vita vikuu vya dunia vilipokuja na hariri ikaadimika, wale mabibi walijichorea mshono kwa wanja kwenye ngozi tupu, wakatembea hivyo mpaka jasho likaufuta. Baadaye ikaja nailoni. Kisha sketi zikafupika, mikanda ya kiunoni yenye vibanio ikafa, soksi zikaungana juu zikawa taiti. Bweni hakuipenda taiti. "Soksi mbili," alisema, "moja ikifa, nyingine inapata mwenzake kwingine. Taiti mguu mmoja ukifa, mzima nao unazikwa."

Kazi alijifunza kwa mfumaji mmoja mzee kule Majunga. Kisha yakatokea mauaji ya watu wetu, na yeye alikuwa miongoni mwa waliorudishwa Komoro wakiwa na walichovaa tu. Alishuka Moroni, mji ambao hakuwahi kuuona, na wenyeji wakamwita mgeni. Nadhani ndiyo sababu mlango wake ulikuwa mwepesi kufunguka kwa mtu kama mimi.

Alinipa chumba cha nyuma na mahali pa kukaa kando ya dirisha. Wateja wetu walikuwa makarani wa ofisi, wahudumu wa ndege, wauguzi, wake wanaojiandaa kwenda Marseille wakati wa baridi. Rangi ndiyo iliyokuwa tabu. Kwenye pakiti iliandikwa "rangi ya ngozi", na Bweni alikuwa akiishika ile pakiti mbele ya mkono wangu na kuuliza, "Ngozi ya nani?" Mwanamke wetu akizivaa alionekana kama amekanyaga majivu. Basi tulichemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi, tukatia siki, tukazamisha soksi na kuzikoroga kwa mwiko wa mbao. Nailoni hunywa chai kuliko mzee wa msikitini. Zilitoka za kahawia, laini, na kila mteja alikuwa na chai yake: huyu ya rangi nzito, huyu ya maziwa.

Kuna wakati nusura tuvunje harusi. Mama wa bibi harusi alitaka mwanawe avae soksi nyeupe siku ya kuonyeshwa, kama alivyoona Ulaya. Aliyempaka hina akalala mlangoni akilia: kazi yote hiyo miguuni, mje mnifunikie? Wanawake wakagawanyika pande mbili, na mmoja akavua kiatu. Bweni akaingia na soksi nyembamba kuliko zote tulizokuwa nazo, akamvalisha binti polepole, na hina ikaonekana ndani yake kama ua chini ya maji. Aliyevua kiatu akakivaa tena. Kisha yule mpaka hina akasema, "Basi tumevishana heshima wote," akaomba juisi.

Sasa niwaeleze miguu ya Bweni mwenyewe, maana ndiyo niliyokuwa nikiielekea tangu nianze.

Alikuwa amesimama maisha yake yote. Mishipa ya miguu yake ilikuwa imevimba na kujipinda, ya buluu, minene kama kamba ya ng'ombe. Daktari alimwandikia soksi za kubana, zile nzito za mpira, ambazo hazina urembo wowote. Jamaa zake walimletea kutoka Marseille. Alisema, "Mungu ana mzaha. Nimewavalisha wanawake wa Moroni yote soksi nyembamba, mimi mwenyewe napewa soksi za punda."

Soksi ya kubana si ya kuvuta tu, wanangu. Unamvalisha mgonjwa asubuhi, angali kitandani, kabla mguu haujashuka chini na kujaa. Unavua pete. Unapaka poda. Unaigeuza ndani nje mpaka kisigino, unaingiza vidole vya mguu, unakikalisha vizuri kisigino, halafu unaipandisha kwa viganja, kidogo kidogo, bila mkunjo. Na ikizidi juu, usiikunje kamwe. Mkunjo ule unakuwa kamba, unafunga damu, na mguu unakufa chini yake. Yeye hakuweza kuinama, kwa hiyo kila asubuhi baada ya sala nilipiga magoti mbele yake. Ndipo tulipozungumza mambo yetu yote. Sijawahi kuzungumza na mtu yeyote kama nilivyozungumza na yule mwanamke, yeye akiangalia dari na mimi nikiangalia mguu.

Halafu Ndzuani ikajitenga na visiwa vingine vya Komoro.

Mmezaliwa baadaye, mnalisikia jambo hili kama kisa cha wanasiasa. Kwangu mimi lilianza dukani. Mteja mmoja aliyezoea kukaa na kunywa chai yetu alisikia nikimjibu kwa Kindzuani changu, akachukua soksi zake bila kusubiri zimalizike. Mwingine akamuuliza Bweni, mbele yangu, kwa nini anamlisha adui. Mazungumzo ya wakubwa yaliposhindikana, vijana wakaingia mitaani Moroni wakitafuta Wandzuani. Waliweka magogo njiani. Walitaka vitambulisho, na asiyekuwa nacho walimwambia aseme maneno mawili matatu wasikie ulimi wake. Nyumba zikavunjwa. Fundi viatu wa Kindzuani aliyekuwa jirani yetu tuliambiwa amepigwa, na hatukumwona tena.

Siku hiyo niliingia chumbani kwa Bweni nikiwa nimevaa shiromani yangu, lile vazi letu jekundu na jeupe linalomtangaza mwanamke wa Ndzuani hata akiwa amenyamaza.

"Vua hiyo," akasema.

"Bweni…"

"Vua. Kuna chombo bandarini kinachowachukua watu wenu. Unaondoka nacho."

Akanivisha leso yake mwenyewe. Tulitoka pamoja mchana kweupe, yeye ameniegemea begani, na akaniambia nisifungue kinywa hata nikikanyagwa. Tulipofika karibu na soko vijana wakatuzuia. Mmoja wao, mrefu, ana nondo mkononi, akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni mtu wangu."

"Mbona hasemi? Aseme."

Bweni alishika pindo la nguo yake, mwanamke yule ambaye hakuwahi kuonyesha kifundo cha mguu barabarani, akaipandisha mpaka gotini. Soksi ile nzito ikaonekana, na juu yake nyama iliyovimba.

"Huyu ndiye anayenivalisha hii kila siku," akasema. "Ukimchukua, kesho uje wewe upige magoti. Nyumba yangu unaijua. Nilimvalisha mama yako siku ya harusi yake."

Kijana akatazama pembeni. Wenzake wakaanza kucheka, lakini si kicheko cha furaha. Yule mrefu akasogeza gogo kwa mguu, tukapita.

Bandarini palikuwa na vilio, watoto, magodoro, kuku. Nilimuuliza tu, "Kesho nani?" Alikuwa na mjukuu wa dada yake, Hadija, msichana mdogo aliyekuja kukaa naye karibuni. Akasema, "Hadija atajifunza. Nenda, mwanangu. Mimi najua kufukuzwa kulivyo, mtu anayeshuka chomboni akiwa mzima hajapoteza kitu."

Alisema hivyo kunifariji. Haikuwa kweli, na yeye alijua zaidi yangu.

Nikarudi Mirontsy kwa kaka yangu. Kisiwa kilikuwa kimefungiwa bahari kwa ajili ya kujitenga. Bandari hii ya Mutsamudu mnayoiona ina makontena hadi ukutani ilikuwa kimya, wapakuzi wamekaa chini ya winchi wakitazama maji. Mafuta ya taa yaliadimika, dawa ziliadimika, simu ya kuvuka bahari haikuita. Nani atanunua soksi? Nilikuwa nimerudi na furushi la soksi za nailoni alilonifungia Bweni, nikazifanyia kazi nyingine zote ambazo Mungu hakuzikusudia. Tulichujia tui. Tulichujia petroli chafu iliyoletwa kwa magendo. Tuliningʼinizia vitunguu, kila kimoja na fundo lake, visigusane vikaoza. Wakulima wa Patsy walizichukua kufungia miche ya nyanya, kwa sababu nailoni inavutika na haikati shina. Kaka yangu alisema, "Angalau elimu yako imefaa." Alitaka nicheke. Nikacheka.

Lakini kila asubuhi baada ya sala mikono yangu haikujua iende wapi.

Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, Mama Rukia, aliyekuwa akienda kisiwa cha Mahore kwa mashua kutafuta bidhaa. Kule alikutana na watu wa Ngazija, na habari zikapita kwa njia hiyo, mdomo kwa mdomo. Barua watu waliogopa kuzibeba, maana askari walipekua kila kitu na karatasi yoyote ilimfanya mtu aonekane jasusi. Siku moja Mama Rukia akaja nyumbani akaketi mlangoni.

"Yule mama yako wa Moroni," akasema, "mguu umefunguka kidonda."

"Hadija anamvalisha?"

"Anamvalisha. Ila nasikia kazi za nyumbani ni nyingi, anamvalisha jioni, mguu umekwisha kujaa. Soksi haipandi yote, inazidi juu, anaikunja."

Nilihisi ile soksi ikinibana mimi. Nikamshika Mama Rukia mikono yote miwili, nikamwambia: mwambie Hadija asimvalishe jioni. Amvalishe asubuhi, kabla hajashuka kitandani, na asiikunje. Nikamfanya arudie. Alirudia vizuri, neno kwa neno. Akavuka Mahore, akamwambia nahodha mmoja, nahodha akamwambia mpishi wa chombo kingine, na mpishi ndiye aliyefika Moroni.

Nikatulia. Niwaambie kweli, nilikuwa na furaha. Nilijiona nimevuka bahari na kupiga magoti mbele ya kitanda chake.

Vyombo vilipoanza tena kwenda Moroni nilikuwa miongoni mwa abiria wa mwanzo. Mji ulikuwa ule ule. Muuza ndizi wa pale sokoni alinisalimia, akaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizi, kana kwamba nilikwenda kutembea. Nikaendelea na njia.

Hadija alinifungulia mlango. Alikuwa amekuwa mwanamke. Alinikumbatia, akanishika mkono mpaka chumbani, na pale kitandani Bweni Sittina alikuwa amekaa, mdogo kuliko nilivyomwacha, na shuka lilikuwa limelala tambarare upande mmoja kuanzia juu ya goti.

"Kwezi, Bweni."

"Mbona, mwanangu. Umenenepa. Uongo, hujanenepa."

Sikuweza kuondoa macho pale palipokuwa tambarare. Hadija akaanza kueleza kwa haraka, kama mtu aliyengoja muda mrefu. "Tulifanya kama ulivyosema, dada. Siku ile ile mpishi wa chombo alipofika. Alituambia, Moinaesha anasema asivalishwe. Mimi nikazivua soksi, nikazifungia sandukuni. Sikumvalisha tena hata siku moja. Kidonda kikazidi, mguu ukavimba, ukageuka rangi. Hospitali walijitahidi sana, lakini tulichelewa. Nilijiuliza, labda nilikosea mahali?"

Asivalishwe. Neno "jioni" lilikuwa limedondoka mahali fulani kati ya Mahore na Moroni, pamoja na asubuhi yake na mkunjo wake na yote mengine. Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyekusudia.

Nilimtazama yule msichana. Alikuwa akiningoja. Ukweli ungemvunja na uongo usingenitoka mbele ya Bweni. Bweni ndiye aliyesema, macho yake kwangu:

"Ulisemaje wewe, Moinaesha?"

"Nilisema asikuvalishe jioni."

Hadija akakaa chini sakafuni, taratibu, akajifunika uso. Bweni akanyoosha mkono akaugusa utosi wake.

"Bahari imekula neno moja," akasema. "Wewe ulitii, binti. Ungeasi ningekuwa na miguu miwili, lakini nani anamfundisha mtoto kuasi habari ya nduguye?"

Nilibaki Moroni mpaka alipofariki, haikuwa muda mrefu. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha, na hakuna aliyeniuliza mimi ni wa kisiwa gani. Hadija hakuolewa upesi. Alijifunza kazi ya kuwahudumia wazee wenye miguu mibovu, na nasikia hata leo, mtu akimpelekea habari yoyote, humwambia airudie kisha humtuma mwingine akaulize tena. Watu humwona msumbufu. Mimi simwoni hivyo.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi kwangu ndiyo hainitoki. Mguu uliobaki nao ulikuwa na mishipa, nao ulihitaji soksi. Nikamwita Hadija, nikamwambia apige magoti yeye, mimi nikae nyuma yake niiongoze mikono yake. Akavua pete. Akapaka poda. Soksi ilimponyoka mara kwa mara, na kila ilipogusa ngozi alisita akamuuliza bibi yake, "Nakuumiza, koko? Nakuumiza?"

Bweni alikuwa akiangalia dari kama zamani.

"Vuta tu, binti," akasema. "Huo hauniumi. Unaoniuma ni ule mwingine, tangu alfajiri, kwenye vidole."

Hadija akanigeukia, kana kwamba mimi ndiye fundi na lazima ninajua dawa yake. Nikapeleka mkono wangu upande ule wa kitanda, pale palipokuwa na shuka tupu, nikauweka pale ambapo vidole vyake vingekuwa, nikakanda. Yeye akafumba macho.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Usiondoe."